Meli ya Utalii Mediterania kwa Bei ya Dakika za Mwisho: Bajeti ya Anayeanzia Mwanza

Swali linakuja kwa sura moja kila msimu wa ofa: "Kaka, nimeona meli siku saba, Italia, Ufaransa na Hispania, yuro 399 kwa mtu. Nikienda na mke wangu si kama milioni mbili na laki nne tu?"

Hapana. Hiyo ni bei ya kitanda na chakula, ukishakuwa bandarini, viza ikiwa kwenye pasipoti. Ukikata tiketi ya meli ya usiku kwenda Bukoba, umemaliza. Kilichobaki ni pesa ya chai. Tiketi ya meli ya utalii ndiyo kwanza inafungua daftari la matumizi. Mwongozo huu ni wa mtu wa Mwanza, Sengerema, Musoma au Bukoba anayekwenda kwa mara ya kwanza na anataka kujua jumla kamili kabla hajatoa hata shilingi.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu. Sheria ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) inataka ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya, lakini kampuni nyingi za meli hudai miezi 6. Fuata ya miezi 6. Kama huna pasipoti, ongeza shilingi 150,000 za Uhamiaji kwenye hesabu zako.
- Taarifa ya benki ya miezi 3 hadi 6 yenye mzunguko unaoeleweka.
- Barua ya ruhusa ya mwajiri au, kama unajiajiri, leseni ya biashara na TIN.
- Kadi halisi ya benki, ya plastiki, iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Nenda tawini uulize kikomo cha matumizi kwa siku. Kadi pepe ya simu inafaa kulipia mtandaoni, ila mezani melini wataomba kadi ya kushika mkononi.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Malta, ambayo ratiba nyingi hupitia, huidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.
- Pesa yote ya safari, pamoja na akiba. Mkopo wa kikoba usiuguse kwa jambo hili.

Hatua ya 1: Piga hesabu kuanzia mlangoni kwako

Wengi huanza na bei ya meli halafu wanaongeza vingine kadiri vinavyojitokeza. Geuza. Anza na nauli ya kutoka nyumbani, meli iwe katikati. Huu hapa mfano wa mtu mmoja anayelala na mwenzake chumba kimoja, usiku 7, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, akipandia Italia. Ni makadirio ya kupangia, na yuro 1 nimeihesabu kwa shilingi 3,000 ili shilingi ikiyumba usipungukiwe.

- Chumba cha ndani kisicho na dirisha, pamoja na kodi za bandari, yuro 500: 1,500,000
- Ada ya huduma melini, yuro 12 kwa usiku: 252,000
- Viza na ada ya kituo cha maombi, yuro 130: 390,000
- Bima ya safari, yuro 40: 120,000
- Ndege Dar–Roma kwenda na kurudi, yuro 850: 2,550,000
- Hoteli usiku mmoja kabla ya meli, nusu ya chumba, yuro 60: 180,000
- Treni za Italia, yuro 30: 90,000
- Matumizi ya bandarini, yuro 120: 360,000
- Vinywaji na vidogovidogo melini, yuro 80: 240,000
- Safari ya Dar kupeleka maombi ya viza na kutoa alama za vidole: 300,000
- Mwanza–Dar–Mwanza siku ya safari yenyewe, na kulala Dar: 500,000

Jumla 6,482,000. Weka akiba ya asilimia 10, unafika milioni 7.1 kwa mtu. Mume na mke ni zaidi ya milioni 14, siyo mbili na laki nne.

Sasa angalia nafasi ya chumba kwenye orodha hiyo. Milioni moja na nusu kati ya saba. Moja ya tano. Ndege peke yake inakizidi kwa zaidi ya milioni. Maana yake, ukisubiri hadi wiki ya mwisho ili chumba kishuke yuro 100, na katika kusubiri huko tiketi ya ndege ikapanda yuro 300, umepata hasara ya yuro 200 huku ukijisifu umepata ofa. Mzungu anayeishi mwendo wa treni kutoka bandari ya Genoa, Italia, anaweza kusubiri hadi siku nne kabla. Wewe wa Kirumba huwezi.

Kosa la kawaida: kusahau kwamba bei za matangazo ni kwa mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Ukienda peke yako, kampuni nyingi hukulipisha karibu bei yote ya kitanda cha pili. Kinyume chake, watoto wanaolala chumba cha wazazi mara nyingi hulipiwa kodi za bandari tu. Familia ya wanne inaweza kulala melini kwa bei ya kushangaza, ndege zikaja kuwamaliza.

Hatua ya 2: Jua "dakika za mwisho" zako ni zipi

Ofa hizi zina sababu. Waliokata mapema hutakiwa kulipa salio kati ya siku 30 na 90 kabla ya safari, kutegemea kampuni. Wengine wanaghairi hapo, vyumba vinarudi sokoni, na meli haitaki kuondoka na vitanda vitupu kwa sababu aliyemo ndani atanunua vinywaji. Bei zinaanza kushushwa.

Lakini maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika siku 45. Hapo bado hujahesabu foleni ya kupata miadi. Kwa hiyo dakika zako za mwisho ni wiki ya 10 hadi ya 8 kabla ya meli kuondoka. Kabla ya hapo ofa bado ni chache. Baada ya hapo unacheza na muda wa ubalozi.

Wapo wanaoweza kweli kusubiri hadi wiki ya mwisho: mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi ambayo bado hai, mwanafunzi anayeishi Ulaya kwa kibali, au aliyeko huko tayari kwa mafunzo, mradi siku za viza yake zitoshe. Kama ni wewe, ruka hadi hatua ya 5 na ufurahie.

Hatua ya 3: Ndege ichague bandari

Kampuni kama MSC na Costa hupakia abiria kwenye bandari kadhaa za mzunguko uleule: unaweza kupandia Civitavecchia (bandari ya Roma), Genoa, Marseille au Barcelona na kuzunguka hadi urudi ulikoanzia. Meli ni ileile, bei hutofautiana. Usichukue ya chini kabisa kabla ya kutazama nauli ya Dar kwenda mji huo kupitia Addis Ababa, Istanbul au Doha. Mara nyingi Roma ndiyo inashinda. Epuka kuunganisha na ndege ndogo ya bei nafuu ndani ya Ulaya: begi litakulipisha, na ukichelewa hakuna anayekuwajibikia.

Hatua ya 4: Soma ratiba kwa jicho la viza

Hapa ndipo watu wanapoachwa bandarini na mabegi yao. Hispania, Ufaransa, Italia, Malta, Ugiriki na Kroatia ziko Schengen (Kroatia tangu 2023). Uturuki, Tunisia, Montenegro, Albania, Misri na Kupro haziko. Meli ikigusa nchi ya kundi la pili halafu ikarudi kwenye la kwanza, umetoka Schengen na unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haikutoshi, na kampuni itakuzuia usipande tangu bandari ya kwanza bila kurudisha hata senti.

Kwa safari ya kwanza ushauri wangu ni mmoja: chukua mzunguko wa magharibi ulio ndani ya Schengen yote. Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni nzuri, sikatai, lakini inaweza kusubiri. Tena tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli za utalii wanaoshuka, na kwa Santorini na Mykonos wakati wa kiangazi ni yuro 20 kwa kichwa.

Hatua ya 5: Shika chumba, usilipe chote

Andikia kampuni au wakala na uulize maswali haya, upate majibu kwa maandishi:

1. Bei hii ina kodi za bandari na ada ya huduma, au zinaongezwa?
2. Malipo ya awali ni kiasi gani, na siku ya mwisho ya kulipa salio ni lini?
3. Nikighairi kabla ya siku hiyo napoteza kiasi gani? Nikinyimwa viza je?
4. Mtanipa barua ya uthibitisho yenye jina langu na ratiba, kwa ajili ya ubalozi?

Swali la tatu ndilo lenye pesa. Tafuta kampuni ambayo salio lake linalipwa karibu na siku 30 kabla. Ukishika chumba wiki ya 9 na kupeleka maombi wiki ya 8, jibu la viza linaweza kutoka ukiwa umehatarisha malipo ya awali tu. Ofa zenye maneno "hairudishwi" waachie wenye viza.

Chumba cha "kampuni itakuchagulia" ndicho cha bei ya chini. Chukua. Hutajua namba yake hadi karibu na safari, na huenda kikawa chini ya ukumbi wa muziki, ila utakuwa humo usiku tu. Dirisha na roshani ni pesa nzuri kwa mtu wa mara ya pili.

Onyo la matapeli: wapo wanaotangaza "trip za meli Ulaya" kwenye makundi ya simu na kutaka utume pesa kwa namba ya mtu binafsi. Kila chumba halali kina namba ya uthibitisho, na namba hiyo inakubali kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe. Ingiza mwenyewe uone jina lako. Haionekani? Hakuna chumba.

Hatua ya 6: Viza

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi. Zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, wadogo zaidi bure, na juu yake kuna ada ya kituo cha maombi. Ukinyimwa hairudi. Bima iwe na kinga ya angalau yuro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen, kwa siku zote kuanzia kuruka hadi kurudi. Ukisikia habari za ETIAS, kibali cha mtandaoni cha kuingia Ulaya, hazikuhusu: ni za wasiohitaji viza.

Kwa ndege, peleka nafasi iliyoshikiliwa na wakala. Tiketi utailipia viza ikitoka.

Kinachowaangusha wengi ni taarifa ya benki. Kujaza milioni kumi kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuichapa ni njia ya haraka ya kunyimwa. Anayesoma ataona pesa imeingia ghafla na atajiuliza ni ya nani. Mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Mwanza, ana tatizo lake maalumu. Mbalamwezi ikiwa kubwa ziwani, wavuvi wa dagaa hawatoki, akaunti inalala. Giza likirudi, fedha zinaingia kwa mkupuo, siku chache, kiasi kikubwa. Sisi tunaelewa, ofisa wa ubalozi anaona tu vilima na mabonde. Andika barua fupi ya Kiingereza ueleze mzunguko huo kwa aya moja, ambatanisha leseni na risiti chache za mauzo zinazolingana na tarehe za kuingia kwa pesa. Usiseme uongo na usiongeze chumvi. Eleza pia kinachokurudisha nyumbani: duka, shamba, watoto shuleni, ajira.

Kwenda Dar si lazima upande ndege kila safari. Basi la moja kwa moja lipo, au basi hadi Dodoma kisha treni ya SGR. Kwa safari ya nyaraka, okoa. Kwa safari yenyewe, usibahatishe na barabara.

Hatua ya 7: Ndege na usiku wa kwanza

Viza ikitoka, hesabu siku na idadi ya kuingia zilizoandikwa kabla hujatoka kaunta. Ndipo ununue tiketi, siku hiyohiyo ukiweza.

Fika Ulaya siku moja kabla ya meli. Meli haingoji ndege yako, na geti hufungwa saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Kama tiketi ya Mwanza–Dar ni tofauti na ya kimataifa, lala Dar pia. Ndege ya asubuhi kutoka Mwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni kwako. Mpakani tenga muda wa ziada: tangu Oktoba 2025 Schengen wameanza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha badala ya kupiga muhuri.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, Roma, huhitaji teksi. Panda treni ya FL1 hadi Roma Trastevere, badilisha hapo uchukue ya mkoa kwenda Civitavecchia. Treni ya Leonardo Express ni ya haraka lakini inakupeleka Termini, katikati ya jiji. Ukifika Civitavecchia, mabasi ya bandari kwenda kwenye meli huanzia Largo della Pace.

Hatua ya 8: Linda mfuko ukiwa melini

Melini hakuna kulipa taslimu. Kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba chako. Siku ya kwanza unaiunganisha na kadi ya benki, na wao huzuia kiasi fulani kama dhamana. Pesa hiyo bado ni yako lakini huwezi kuigusa, na inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa baada ya safari. Usiende na kadi yenye yuro 150 ukitegemea hizohizo kununua chakula Barcelona. Meli nyingi za njia hii hukubali pia dhamana ya taslimu. Kwa kadi za kwetu naiona ni salama zaidi.

Bafe imelipiwa, kula ushibe. Ugali usiutafute. Maji ya chupa mezani kwenye mgahawa wa meli nyingi za Ulaya hulipiwa, ilhali ya mashine ya bafe ni bure. Picha wanazokupiga ukipanda, keki ya "mshangao", chupa iliyowekwa chumbani kwa upole: uliza bei kwanza.

Simu iweke kwenye hali ya ndege kabla meli haijaacha gati. Baharini inanasa mtandao wa setilaiti wa meli, na dakika chache za data zinaweza kukugharimu kuliko chakula cha mchana cha wiki. Tumia laini ya Ulaya ukishuka.

Hatua ya 9: Bandari za kutembea kwa miguu

Matembezi yanayouzwa na meli ni ghali. Genoa, Napoli, Palermo na Valletta mji uko mlangoni. Unashuka na kutembea. Barcelona kuna basi fupi. Livorno ndiyo mtego: wanaitangaza kama Florence, lakini Florence iko karibu kilomita 90. Pisa iko jirani zaidi, kwa treni. Ukitoka peke yako, rudi saa moja na nusu kabla ya muda uliotangazwa, na uhakikishe saa yako inafuata ya melini.

Mambo yakikwama

*Zimebaki siku 10 na viza haijatoka.* Uliza kituo mara moja kwa namba ya maombi. Wakati huohuo iombe kampuni ya meli ihamishe tarehe. Wengine hukubali kwa ada ndogo kuliko ya kughairi. Ndege usinunue.

*Umenyimwa.* Soma sababu iliyowekewa alama kwenye fomu. Una haki ya kukata rufaa, lakini kama sababu ni nyaraka, maombi mapya yaliyorekebishwa mara nyingi ni mepesi kuliko rufaa. Ghairi meli siku hiyohiyo, maana adhabu hupanda kadiri tarehe inavyokaribia.

*Ndege imechelewa, meli imeondoka.* Piga namba ya dharura iliyo kwenye tiketi ya meli. Kwenye mzunguko wa magharibi unaweza kuruhusiwa kupandia bandari inayofuata, kwa gharama yako na kwa idhini yao. Akiba ya asilimia 10 ni ya siku hii.

*Kadi imekataliwa kaunta ya meli.* Weka dhamana taslimu, kisha wasiliana na benki. Ndiyo maana unabeba yuro 200 hivi za noti mwilini, si kwenye begi kubwa ambalo wapagazi wanalichukua bandarini na kukuletea chumbani jioni.

*Kichefuchefu.* Aliyezoea mawimbi ya ziwa karibu na Ukerewe hana kinga ya moja kwa moja. Nunua dawa duka la dawa Mwanza kabla ya safari. Kliniki ya melini inatoza kwa yuro, na bima hukurudishia baadaye kwa risiti.

*Bei imeshuka baada ya wewe kulipa.* Iulize kampuni kama inaweza kukupandisha daraja la chumba au kukupa salio la matumizi melini. Ikikataa, usighairi ili ukate upya: barua iliyoko ubalozini ina namba ya uthibitisho ya zamani.